Gari la Daktari wa Meno

Habari hii nilipewa na shangazi wa kijana mmoja, kiangazi kile goti langu lilipokataa kukunjika. Alikuwa akija alasiri kunikanda kwa mafuta ya moto, na mtu anayekukanda goti hana pa kwenda mpaka mafuta yaingie, kwa hiyo husema. Mengine aliyaona kwa macho yake. Mengine aliyapata kwa wifi yake, kwa kijana mwenyewe, na kwa mdogo wake wa kike, Kitinda, ambaye neno halilali kinywani mwake. Mimi nimeyapanga tu, kama mtu apangavyo vikombe vya jirani, nikiogopa kuvunja.

Ilianzia jikoni.

"Mama, nataka ile yangu."

Kijana alilisema hilo bila kuinua macho. Mkononi alikuwa na mfuko wa krimu, akiandika jina la mtoto wa watu juu ya keki. Mama yake, fundi wa keki, alikuwa akikoroga siagi na sukari kwa mkono wa kushoto, kwa sababu bega la kulia lilikuwa limeanza kumkataa. Aliposikia maneno yale mwiko ulizunguka mara moja zaidi, ukasimama.

"Yako ipo," alisema. "Unaitakia nini?"

Nawaeleza "yako" ni ipi. Kijana huyu alikuwa na mkono usiotetemeka. Tangu shule ya sekondari, maandishi yote ya keki za nyumba ile, maua yote ya sukari, ni yeye. Na mama yake, siku ya kwanza kabisa, alimwambia: kila keki utakayoiandika, fungu lako naliweka benki, ya kwako ni yako, na siku utakayoitaka sitakuuliza unaila vipi. Watu wengi husema hivyo kwa watoto. Huyu aliweka kweli. Sasa kijana alikuwa chuoni, mwaka wa pili, na fungu lilikuwa limenenepa. Mama hakuwahi kutamka, lakini moyoni alikuwa ameshaliona fungu lile likilipa ada ya mwaka wa mwisho, maana kwingine pa kuitoa hapakuwapo. Baba wa watoto alikuwa ameshafariki, na bega ndilo hilo.

"Ya gari," kijana alisema.

"Gari!" Kitinda aliruka pale alipokuwa akikunja maboksi. "La kupelekea keki?"

"La daktari wa meno. Lile la rangi ya fedha, milango miwili."

"Lile linalopita likinguruma kama simba mwenye mafua?"

"Linanguruma kwa sababu lina tabo."

"Tabo ni kitu gani?" mama aliuliza, na aliuliza kwa kutaka kujua kweli.

Kijana aliweka mfuko wa krimu chini. Uso wake ulikuwa umewaka. "Ni kitu kinaisukumia injini hewa, mama. Injini ile ile, lakini ikishashindiliwa hewa inakuwa na nguvu nyingine kabisa."

"Kama mayai yakipigwa."

"Kama mayai yakipigwa!"

Kwa nukta moja wote wawili walikuwa upande mmoja wa meza. Kisha mama akauliza kwa nini daktari analiuza kitu kizuri namna hiyo.

"Mkewe anatarajia mapacha. Nyuma hapakaliki na watoto."

"Aha. Gari limemshinda mtu kwa vichanga wawili, sisi tutalipakia keki ya ghorofa tatu."

"Mama, mimi si wa keki tu."

Unajua, chuoni walikuwa wakimwita Krimu. Lilianza siku aliyoingia darasani na krimu nyuma ya sikio, likamganda. Na kila mara jiko la chuo lilipoagiza keki kwao, ilimbidi kushuka getini kutoka kwenye kigari cha mizigo chenye samaki mkubwa aliyechorwa mlangoni, amekumbatia boksi, wenzake wakimpigia makofi.

"Na ada ya mwaka wa mwisho?" mama aliuliza polepole.

"Nitabeba watu. Kuna watu wanataka kufika haraka."

"Wangapi kwa safari?"

"Mmoja."

"Akiwa na mkoba?" Kitinda aliuliza.

"Wewe kunja maboksi."

"Umelala nalo?" mama akauliza.

Hili lilikuwa neno la nyumba ile. Keki ikitoka kwenye oveni haipakwi krimu siku hiyo hiyo. Inaachwa ilale usiku mzima, ipoe mpaka moyoni, ijishike. Usipoilaza, krimu inayeyuka kwa ndani na keki inajikalia kama mlevi. Basi mambo yao yote waliyapima hivyo. Kiatu, kitanda, kuhama, kuposwa: umelala nalo? Kisichokuwa kimelala hakikununuliwa.

"Mwaka mzima, mama. Nalala nalo, naamka nalo."

"Hapo umeliota. Kuliota gari na kulala nalo ni mambo mawili."

"Ulisema hutaniuliza."

Mama alitazama bakuli. Siagi ilikuwa imeanza kujitenga na sukari. "Kweli," alisema. "Nilisema." Akaanza tena kukoroga, na tangu hapo hakuuliza kitu.

Aliponyamaza yeye, wengine walipata nafasi.

Shangazi mwenyewe, aliyenisimulia, alikuwa upande wa gari, na hakunificha. "Mwache anunue!" alimwambia wifi yake kibarazani. "Kijana asipong'ara ujanani atang'ara lini, akiwa na kipara? Kaka yangu alikufa hata baiskeli yenye kengele hakuwahi kuwa nayo."

"Mimi sijamkataza, wifi."

"Hujamkataza, lakini umenuna."

"Huu ndio uso wangu."

Dereva wa kigari cha samaki alikuwa hapo akisubiri kulipwa safari ya juzi. Naye akaingilia. "Mama, mimi nasema kwa faida ya mtoto. Gari la mbio linakula mafuta kuliko mgeni wa wiki mbili. Na likiharibika spea yake unaiagiza, unaingoja, unazeeka. Wahenga walisema, haraka haraka..."

"Hiyo tumeisikia," shangazi alimkata. "Wewe unaogopa kukosa safari za keki tu."

"Naogopa, ndiyo! Kuogopa kwangu kunalifanya gari lisile mafuta?"

Walicheka, hata mama. Lakini alasiri ile alikwenda na kijana benki, akaweka dole gumba pale karani alipomwonyesha, lakini kidole chake kilikuwa kimechomwa na oveni mara nyingi mpaka mashine ikakikataa mara tatu mbele ya foleni nzima. "Jifute unga, mama," karani alisema kwa sauti ya kusikika, na kidole hakikuwa na unga. Fungu likahamia kwenye akaunti ya kijana. Njiani kurudi mama hakusema ada, hakusema bega. Alisema, "Ijumaa nakwenda hospitali, foleni yake unaijua. Keki ya mahafali ni ya Jumamosi. Ghorofa mbili za juu nimeshazipika, ya chini ni yako. Ipike asubuhi ipate usiku mzima."

"Ondoa shaka."

Keki hiyo haikuwa ya mchezo. Chuo chenyewe ndicho kilichoiagiza, chuo cha kijana, na msimamizi wa jikoni alikuwa ameahidi kwamba ikipendeza, mama atakuwa akiletewa kazi kila mwezi. Kazi ya kila mwezi ingeziba pengo lile la ada. Hilo nalo mama hakulisema kwa nguvu. Alilisema mara moja, wakati wa kula, na kijana alikuwa akitazama picha ya gari kwenye simu.

Ijumaa asubuhi kijana alipita kwa daktari wa meno, kumwambia tu kwamba pesa iko tayari. Kupita tu. Daktari, mtu mpole mwenye mikono baridi, alimtupia ufunguo. "Kaa nalo mpaka kesho alasiri. Likikupendeza ulipe. Mama yako alipika keki ya harusi yangu, sina wasiwasi na nyumba yenu. Ila kesho alasiri nataka neno, maana kuna mwingine anapiga simu kila siku."

Basi, ndugu zangu, mpe mtoto wa miaka ishirini ufunguo wa kitu alichokiota mwaka mzima, halafu mwambie arudi nyumbani akapike keki. Alikwenda barabara ya viwandani kulijaribu kidogo. Kidogo kikazaa kidogo. Alipokuja kuzima injini mbele ya nyumba, mama alikuwa ameshatoka hospitali, amemeza vidonge vya maumivu, amelala kama gogo. Ovenini hapakuwa na kitu.

Kijana aliipika keki usiku huo. Haikuungua, haikupasuka, ilikuwa nzuri kwa kila jicho. Akaielekezea feni, akaisogeza dirishani, akaigusa juu ikawa baridi. Kulipoanza kupambazuka alikuwa ameshaipaka krimu nyeupe laini kama ukuta mpya, na maua pembeni, na maandishi ya mahafali ambayo mkono wake haukuwahi kuyaandika vizuri hivyo.

Mama aliamka akaitazama. Alifurahi mpaka akasahau bega.

"Imelala?"

"Imelala, mama."

Aliamini. Katika nyumba ile watu walikuwa wamewahi kudanganyana juu ya sukari iliyoliwa na sahani iliyovunjika. Juu ya neno hilo, hapana.

Dereva wa samaki alikuja saa ya kawaida, akalikuta gari la fedha limeegeshwa mahali pake.

"Leo hatukuhitaji, kaka," kijana alimwambia.

"Naona. Nimeachwa kama mchumba." Alilizunguka gari, akainama kulitazama tumbo. "Hili linapita wapi, mdogo wangu? Barabara ya hapa ina matuta. Hili hata ganda la ndizi litaligusa."

Maboksi mawili madogo yaliingia nyuma kwa kusukumwa upande upande. Keki kubwa ya chini, juu ya ubao wake, haikuingia popote, si nyuma wala buti, kwa sababu buti ilikuwa imejaa spika. Ikabidi mama aipakate. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, moja alilo nalo. Kiti kilikuwa chini sana, akaanza kuingia kwa kichwa, ikashindikana, akageuka akaingia kwa nyuma, shangazi akimshika mkono na Kitinda akisukuma goti.

"Vuta pumzi, wifi!"

"Nimeshaivuta, imebaki nyama."

Majirani walitoka kutazama. Mmoja alisema wazi, "Mama Keki leo kawa keki mwenyewe, kaingizwa kwenye boksi." Mama alicheka nao. Kijana hakucheka. Aliwasha, gari likanguruma, kuku wakatawanyika, wakaondoka.

Hawajafika mbali mama alihisi kitu mapajani. Kwanza alidhani ni joto la injini. Akahamisha kiganja chini ya ubao wa keki, akakiacha hapo. Joto lilikuwa likitoka juu, likishuka. Lilikuwa joto analolijua kuliko joto la mwili wake.

Alimtazama mwanawe. Kijana alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, shingo imenyooka, shati amepiga pasi.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "nenda polepole."

"Naenda polepole, mama."

"Polepole zaidi."

Gari lile halikuumbwa kwa polepole. Klachi yake ilikuwa ngumu. Ukiiachia kidogo linaruka, ukiikaza linazima. Likawa linakwenda kwa kwikwi. Kila tuta kijana alilikata mshazari, na kila tuta lilikwaruza tumbo la gari kwa sauti ya sufuria inayosuguliwa. Akatokwa jasho. Baiskeli ikawapita. Mwanamke mwenye kitoroli cha maji akawapita, akageuka kuwatazama. Kisha nyuma ikasikika honi waliyoijua, na kigari cha samaki kikaja kandokando, dirisha wazi.

"Mwanariadha!" dereva alipaza sauti. "Nikusukume?"

Akawaacha.

Tuta la mwisho lilikuwa mbele ya geti la chuo. Gurudumu la mbele lilipanda, likashuka. Mama alisikia keki ikishusha pumzi. Ndivyo alivyomweleza wifi yake: ilishusha pumzi, kama mtu aliyekaa kwenye kiti baada ya kusimama kutwa. Ukuta mweupe ukapasuka katikati, nusu ikajiegemeza kifuani pake, na krimu ikashuka kwenye gauni hadi mshipini.

Kijana hakuona. Alikuwa akitazama mbele, kwa sababu pale getini walikuwa wamesimama wenzake, na walikuwa wameliona gari.

"Krimu! Ni lako hili?"

"Jamaa kaua! Piga resi tusikie!"

"Fungua boneti!"

Walilizunguka, wakapitisha mikono juu ya bati lake. Kwa muda ule mdogo kijana alipata kila alichokuwa akikitaka. Alishuka akatabasamu. "Ngojeni kwanza, kuna mzigo," alisema, akazunguka upande wa pili kufungua mlango.

Mama alijua mzigo unaosemwa ni keki. Lakini alikuwa ameketi nayo, na hawezi kutoka, na mkono wa kulia hauinuki. Alimtazama kijana kutoka kule chini.

"Usiivute," alisema taratibu. "Imeanguka."

Kijana alitazama. Kisha naye akaweka kiganja chini ya ubao. Ilikuwa bado na joto.

Msimamizi wa jikoni alifika, mwanamke mwenye miwani na aproni safi. Alitazama keki, akatazama gauni. "Mama, hii imekuwaje? Wageni wameanza kuingia."

"Nisamehe, dada," mama alisema. "Jiko langu limenitupa leo."

"Si jiko," kijana alisema.

"Nyamaza, mwanangu."

"Si jiko. Ni mimi niliyeipika, nikaipika usiku. Sikuilaza. Aliponiuliza nikamwambia imelala."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, na wale vijana wote walisikia. Mmoja akacheka. "Keki inalala? Na inakoroma pia?" Wengine wakaangua kicheko, si cha ubaya, kile kicheko cha watu ambao asubuhi yao ni nzuri. Kijana masikio yalimwiva. Akapiga magoti pale chini, kwenye vumbi la geti, na suruali iliyopigwa pasi, akaitoa keki iliyoanguka mapajani mwa mama yake kwa mikono miwili, kipande kwa kipande, akaiweka kwenye boksi. Kisha akampa mama mkono wa kushoto, akamvuta polepole hadi akasimama.

Jikoni aliomba beseni. Akaligeuza juu chini, akalipaka krimu iliyobaki kwenye mfuko aliokuja nao, akalizungushia maua aliyoyaokoa, akaziweka zile ghorofa mbili za juu, zilizolala, juu yake. Akaandika upya. Kwa mbali ilikuwa keki ya ghorofa tatu. Wakataji wangefika chini wangekuta beseni.

Msimamizi aliizunguka mara mbili. "Mkono unao," alikiri. "Lakini niliagiza tatu, nimepata mbili na beseni. Nitalipa mbili."

"Ni haki," mama alisema.

"Na ile kazi ya kila mwezi tuliyoizungumza... tutaona, mama."

Tutaona ni neno la adabu. Ni mlango unaofungwa polepole usije ukakubana vidole.

Walipokuwa tena garini, boksi la keki iliyoanguka likiwa kiti cha nyuma, kijana alikaa na ufunguo mkononi bila kuwasha. Alikuwa akingoja kusemwa. Alijiandaa kwa yote: pesa, baba, ada, gauni. Mama alikuwa akijifuta krimu kwa leso, kifuani, polepole, akisogeza upande mmoja tu.

"Barabara uliyokuwa ukiendesha jana ni ipi?" aliuliza.

"Mama, mimi nili..."

"Nimekuuliza barabara."

"Ya viwandani. Leo haina watu."

"Nipeleke. Nionyeshe hilo unalolitaka. Nimelinyamazia wiki nzima na silijui."

Barabara ya viwandani ilikuwa imenyooka, haina tuta, Jumamosi hata malori hayapo. Kijana alimfunga mama mkanda, akauvuta kuona kama umeshika. Akaweka gia ya kwanza, ya pili. Kisha akakanyaga. Tabo ikapiga mluzi, kiti kikamkumbatia mama kwa nyuma, kuta za viwanda zikageuka mstari mmoja, na mama akasikia sauti ya mwanamke akipiga kelele na kucheka, na hakujua ni yeye mpaka gari lilipoanza kupunguza mwendo.

Wakasimama kando. Injini ikawa inalia taratibu. Machozi yalikuwa yakimtoka, na bado anacheka.

"Tamu," alisema, alipopata pumzi. "Haki ya Mungu, tamu. Mimi nilidhani unataka kuonekana tu. Kumbe kuna utamu wenyewe."

"Nataka vyote, mama. Na kuonekana pia."

"Najua. Nimewaona pale getini walivyokutazama, kabla sijatoka." Alikunja leso. "Sasa nimejua unanunua nini. Kununua au kuacha ni kwako, kama nilivyosema. Ila ile nyingine uliyoniambia asubuhi, mwanangu, usinirudie tena. Gari likikudanganya utashuka. Mimi nikikuuliza imelala, sina kingine cha kushika ila jibu lako."

Kijana alijibu "ndiyo, mama", kwa sauti iliyokuwa imerudi ya utoto. Akamrudisha mjini kwa mwendo ambao gari hatimaye lilikubali, si wa mbio wala wa kwikwi.

Mama hakuingia kwa daktari wa meno. Alikaa kwenye benchi la nje, pamoja na mzee mmoja aliyevimba shavu, ili uso wake usije ukasaidia upande wowote. Kijana alisafisha kiti kwa kitambaa, akaingia na ufunguo.

"Limekwaruzwa chini, daktari. Matuta. Niambie nitengeneze."

"Tumbo lake limeshazoea," daktari alisema, akivua glovu. "Enhe? Yule mwingine yuko njiani na fedha mkononi. Lakini wa kwanza ni wewe. Sema tu neno, namgeuza."

Kijana aliutazama ufunguo. "Naweza kukujibu kesho asubuhi?"

"Kesho halipo, rafiki yangu."

"Basi mpe yeye."

Daktari alishangaa. "Jana ulikuwa umeshalibandika jina! Una hakika?"

"Sina hakika," kijana alisema. "Ndiyo maana."

Akaweka ufunguo juu ya meza, kati ya koleo na pamba. Alipotoka, mama alimtazama mikono, akaona mitupu, akainuka. Kigari cha samaki kilikuwa kimeegeshwa ng'ambo, dereva akila karanga.

"Mwanariadha, farasi yuko wapi?"

"Nimemwacha zizini."

"Pandeni. Leo bure, nipeni kipande cha hiyo maiti mliyobeba kwenye boksi."

Nyumbani shangazi alikuwa kibarazani amevaa viatu vya visigino na miwani ya jua, amejiandaa kuzungushwa mjini. Alipoona samaki mlangoni badala ya rangi ya fedha, alivivua kimoja kimoja. "Wifi! Na mimi nimebana vidole vyangu tangu saa nne!"

Waliweka keki iliyoanguka katikati ya mkeka, pamoja na dereva, wakaila kwa mikono, krimu na yote. Ilikuwa na unyevu katikati, tamu kupita kiasi, kama keki zote zisizolala. Kitinda alichukua kipande cha tatu. "Mchuma janga hula na wa kwao," alisema, mdomo umejaa. "Kaka, hili janga lako ungelitia vanila kidogo." Hata kijana alicheka, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Pesa yako iko vile vile," mama alimwambia walipokuwa wakikung'uta mkeka. "Ukiamka kesho bado unataka, magari hayajaisha duniani."

"Najua, mama."

Yeye alikuwa na neno lake pia. Daktari wa mifupa alikuwa amemwambia kwamba mkono ule usinyanyue tena sufuria nzito, na asipousikiliza atakuja kuupoteza. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi tangu Ijumaa. Aliogopa huruma isije ikamchagulia mtoto. Sasa gari lilikuwa limekwenda, angeweza kusema. Lakini aliona macho ya kijana yalivyoingia ndani, akaona na hili lilale kwanza.

Jua lilikuwa bado juu ya paa. Shangazi alikwenda kwake na viatu mkononi. Kitinda alisinzia pale pale mkekani, krimu kidevuni. Mama alikwenda kitandani na gauni lenye doa, akajilaza ubavu wa kushoto, akapotea mara moja.

Kijana aliosha bati kubwa la keki, akalifuta, akaliweka mahali pake. Kisha akajitupa kwenye kochi la sebuleni na kufumba macho. Hapo ndipo alipolisikia gari lile. Lilitokea upande wa kwa daktari, gia ya kwanza, ikavutwa mno, ya pili, tabo ikapiga mluzi wake. Kuku wakatawanyika nje. Mtu aliyelishika alikuwa na mguu mzito.

"Ataiunguza klachi," kijana alijisemea.

Hakuinuka kuchungulia. Alilisikiliza likipita, likifika tuta la kona, likikwaruza, likipanda gia ya tatu, likipungua, mpaka sauti yake ikachanganyika na sauti za magari mengine. Akageukia ukutani, mwanga wa alasiri ukiwa bado mgongoni mwake, akalala.